Magari Yanayopanda Baridi

Ubao ulitundikwa kati ya kichwa cha kulungu na kalenda ya duka la mbegu. Marva Etcheverry alikuwa ameukodolea macho kwa dakika ishirini, mpaka maharage yake ya pilipili yakaota ngozi juu na mkate wake wa mdalasini ukawa mgumu kama tairi.

"Chakula changu kimekukosea nini?" Mama Oleta aliuliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Mama, hizi namba nani anaziandika?"

"Wenyewe. Ukifika huku juu salama na mzigo wako, unachukua chaki. Jina, tarehe, na mshale wako wa joto ulifika ngapi. Ndiyo sheria ya nyumba hii tangu enzi za marehemu mume wangu. Ukiandika, kahawa ya kwanza bure."

"Na wakidanganya?"

"Mwanamume wa hapa atakudanganya kuhusu umri wake, samaki wake na mke wake. Mshale wake, hapana."

Marva alichukua kijiko, akakiweka tena. Miaka kumi na moja alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu pale bonde la Haskett, Idaho, na alishaona maiti za kila namna. Lakini siku tisa zilizopita alishuka kwa kamba pale Kona ya Ndoo, akamkuta Clell Rasband bado ameshika usukani, na ndama kumi na wanne wamelala juu ya gari lake. Tangu siku hiyo kila akipita kona ile, viganja vinalowa.

Ripoti ilikuwa fupi. Dereva alipandisha mlima na mzigo mzito huku kakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikapata moto, pistoni ya sita ikayeyuka katikati kama mshumaa. Injini ikazima kwenye mwinuko, breki zikawa ngumu kama jiwe, trela likamvuta kinyumenyume hadi bondeni. Uzembe. Sahihi, muhuri, kwisha.

Tatizo ni kwamba Clell hakuwahi kuwa mzembe hata siku moja. Alikuwa mtu wa kufunga mkanda akiwa ndani ya gari lililopaki.

"Soma za Clell," Marva alisema. "Nisomee kwa sauti."

Oleta alivaa miwani. Bondeni pale hakuna anayepoteza muda kutaja maelfu. Ukisema kumi na mbili hamsini, kila mtu anajua ni digrii elfu moja mia mbili na hamsini za Farenhaiti, joto la moshi unaotoka kwenye injini, na ndiyo mwisho wa usalama. Ukivuka hapo unaanza kuipika injini.

"Mwezi wa sita, kumi na mbili hamsini. Wa saba, kumi na mbili arobaini. Wa nane, kumi na mbili hamsini. Alikuwa anapanda kwa gia ya tatu kama anayesindikiza jeneza, jicho kwenye mshale. Watu walimpigia honi mpaka betri zikachoka."

"Endelea."

"Septemba tarehe tatu, tisa hamsini. Halafu kumi arobaini. Kumi na moja thelathini. Kumi na mbili kamili." Oleta alivua miwani. "Hiyo ndiyo ya mwisho."

"Unaona?"

"Naona namba."

"Kwanza joto limeanguka digrii mia tatu kwa siku moja. Halafu limepanda taratibu, safari hadi safari. Huyo ni mtu aliyeambiwa ana nafasi, akaanza kuitumia. Leo anaongeza gia moja, kesho anaongeza mguu. Kwa nini asiongeze? Mshale unamwambia bado yuko mbali." Marva alisimama, akaenda mpaka kwenye ubao. "Na siyo yeye peke yake. Thayne Lindquist, kumi na mbili thelathini, halafu ghafla tisa ishirini. Huyu hapa. Huyu. Huyu. Septemba kulitokea nini, mama?"

"Mbona unauliza kama hujui? Verlin. Aliacha kazi ya kuchomelea mageti, akaanza kuweka geji mpya za joto. Magari yake yanapanda baridi. Bonde zima linajua. Hata langu kalifanya! Juzi nimepanda na tanki la maji, tisa themanini, nikambusu shavuni."

Marva aligeuka polepole.

"Lako?"

"Langu."

"Twende nje."

Iliwachukua dakika arobaini na vidole viwili vya Marva vikachubuka. Gari la Oleta lilikuwa pikapu ya dizeli yenye turbo, feni inayozungushwa na moshi ili kuiongezea injini hewa, gari la kazi, alilolitumia kuvuta maji kutoka bondeni kwa sababu kisima chake kilikauka. Marva alifungua bati la kukinga moto, akamulika tochi. Pale moshi unapotoka kwenye injini, kabla haujafika kwenye turbo, ndipo sensa ya joto, jicho la geji, inapotakiwa kukaa. Hapo palikuwa na bolti mpya inayong'aa. Waya wa geji ulipita pembeni, ukazunguka turbo, ukaingia kwenye bomba la moshi huko nyuma.

"Kaihamisha," Marva alisema. "Moshi ukishapita kwenye turbo, umeshaizungusha, umeshachoka, umepoa digrii mia tatu. Ni sawa na kumpima mtoto homa kwa kuweka kipimo ndani ya soksi yake. Mshale haudanganyi, mama. Unasema kweli kuhusu soksi."

"Kwa hiyo juzi, ile tisa themanini..."

"Ilikuwa karibu kumi na tatu."

Oleta alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, na Marva hakuwahi kumwona amekaa chini mchana.

"Kesho Jumamosi," Oleta alisema.

"Najua."

"Kesho ng'ombe wote wa bonde wanavushwa kwenda malisho ya baridi. Magari ishirini na sita, Marva. Yanaanza kupanda saa kumi na mbili asubuhi, moja nyuma ya jingine. Likizima moja la mbele..."

Marva alikuwa ameshashika redio.

* * *

Sherifu Boyd Hatch alipokea redio akiwa anatafuna kitu.

"Ubao wa mgahawa," alisema. "Unataka nifunge barabara ya kaunti kwa sababu ya ubao wa mgahawa."

"Na bolti, bosi. Nimeiona. Na ya Clell ipo kwenye stoo ya vielelezo, bolti ileile."

"Nilimuuliza Verlin kuhusu hiyo. Anasema Clell alihamisha mwenyewe, alikuwa mtu wa kuchokonoachokonoa."

"Clell alikuwa haongezi hata upepo wa tairi bila kupiga simu."

"Mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Magari mengine ya Verlin ni yapi?"

"Sijui. Hapa ubaoni nawaona saba au wanane. Wengine hawajapanda bado."

"Haandiki kumbukumbu?"

"Anaandika kwenye kiganja, halafu ananawa."

Boyd alivuta pumzi. "Yametawanyika mashamba ya maili sitini. Kufungua kila moja ni karibu saa nzima. Kesho ng'ombe wamo ndani wanalia, wenyewe wana haraka na wana bunduki, na kila mmoja atakuambia gari lake halijawahi kupanda baridi hivi. Siwezi, Marva. Niletee neno la Verlin. Majina, kutoka mdomoni mwake, kabla jua halijazama. Hapo nafunga."

Marva alipokata redio, alimpigia baba yake simu. Ander Etcheverry alikuwa na kondoo mia mbili na moyo mmoja wenye kiburi. Kwenye ubao jina lake lilikuwa la mwisho: kumi na mbili arobaini, kumi na mbili arobaini, kumi na mbili arobaini. Vijana walikuwa wanamtania kuwa gari lake lina homa ya kudumu.

"Aita," alisema, neno la Kibasko la kumwita baba, "usipande kesho. Wala leo."

"Anga linanuka theluji, binti yangu."

"Linuke. Kaa nyumbani. Verlin hajagusa gari lako, sivyo?"

"Yule? Nimpe gari langu yule mchomelea mageti?" Mzee alicheka. "Sawa, sawa. Nimekaa."

Ilikuwa ile "sawa, sawa" ya haraka haraka. Marva aliisikia, lakini saa nane mchana ilikuwa inakaribia na bado hajampata Verlin, akaiacha ipite.

* * *

Verlin Stucki alikuja kwenye mzani wa magari wa bondeni akipiga mluzi, kichwani kofia nyeupe kuliko koti la daktari. Marva alimwita kama mtaalamu: njoo tupande na mzigo kama wa Clell, usome mshale, uthibitishe kwamba mtu akiendesha kistaarabu hapati shida. Ripoti ifungwe. Verlin alikubali kabla hajamaliza kuambiwa.

Mluzi ulikatika alipoliona gari.

"Hili la Oleta."

"Ndiyo."

"Afande, langu lipo hapo. Jipya. Lina viti vya kupasha makalio joto."

"Tanki la maji tayari limefungwa kwenye hili, fundi."

"Basi tumwage nusu. Maji ni mazito."

"Clell alikuwa na tani nne. Sisi tunazo nne. Una wasiwasi na kazi yako?"

"Kazi yangu?" Alicheka, akapanda. "Mimi nina wasiwasi na uendeshaji wa wanawake."

"Funga mkanda."

Kitu kimoja Verlin hakukijua. Mchana ule fundi wa kaunti alikuwa ameitoa ile bolti inayong'aa, akaweka sensa nyingine mahali pake pa halali. Waya ulipita chini ya zulia mpaka kwenye kisanduku kidogo cha namba, kilichofichwa kwenye mfuko wa mlango kando ya goti la kushoto la Marva. Mshale wa Oleta uliokuwa kwenye dashibodi ungesema wa kwake. Kisanduku kingesema ukweli. Mpango ulikuwa rahisi: kupanda, kutazama mshale ukiwa salama, na kutazama ni nani ataogopa.

Marva hakuwa amepanga kuogopa yeye mwenyewe mapema namna ile. Maili ya kwanza tu, mgongo ulikuwa umelowa.

"Mia nane," Verlin alisoma. "Raha tupu."

Kisanduku: elfu na tisini.

"Alikuwa dereva mbaya, Clell?" Marva aliuliza.

"Mungu amlaze. Alikuwa mwoga. Waoga wakipata ujasiri ukubwani hawajui kuutumia."

"Aliupata wapi?"

Verlin alitazama dirishani. "Mia tisa. Unaweza kushusha gia ukitaka."

"Kwa nini? Mia tisa ni baridi."

"Nilikuwa nasema tu."

Maili ya tatu misonobari iliisha, ikabaki miamba na upepo. Upande wa kulia kulikuwa na ukingo wa chuma, na baada ya ukingo hapakuwa na kitu. Trela lilivuta kwa nyuma kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Marva aliweka gia ya nne, akakanyaga.

"Tisa hamsini," Verlin alisema. Sauti ilikuwa imepungua unene. "Inatosha, afande. Tumeona. Pale mbele kuna nafasi ya kugeuza."

"Clell alifika kumi na mbili. Ubaoni. Tuko mbali."

"Ubaoni, ubaoni! Ule ubao ni wa walevi wa kahawa."

"Tisa themanini," Marva alisoma mwenyewe. Kisanduku kando ya goti: elfu moja mia mbili na themanini. Aliuma shavu kwa ndani. Alijiambia mwisho ni kumi na tatu na nusu. Ikifika hapo anatoa mguu, Verlin aongee asiongee.

"Kumi ishirini. Verlin, uliweka sensa wapi kwenye gari hili?"

"Pale panapotakiwa."

"Kabla ya turbo?"

"Nimesema panapotakiwa. Unataka nikuchoree?"

"Kwa hiyo hii kumi ishirini ni kumi ishirini ya kweli."

"Mshale ni mshale."

Ndipo kisanduku kikafa. Kilionyesha elfu moja mia tatu na ishirini, kikapepesa mara mbili, kikawa kiza. Marva alikigonga kwa goti. Akakigonga tena. Waya, labda, uliungua mahali fulani kule chini kwenye moto.

Sasa hakuwa na kitu. Alikuwa na tani nne za maji nyuma, Kona ya Ndoo maili moja mbele, na mshale mmoja tu unaopima soksi. Wa kutoa mguu alikuwa yeye. Akiutoa sasa, Verlin atashuka juu akicheka, atakunywa kahawa ya bure, na kesho saa kumi na mbili magari ishirini na sita yataanza kupanda.

Alimtazama Verlin.

Jasho lilikuwa linatoka chini ya kofia nyeupe na kushuka mpaka kidevuni. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kitasa cha mlango. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaenda kwenye kifungo cha mkanda, taratibu, kama mwizi wa sadaka. Na macho yake hayakuwa kwenye mshale kabisa. Yalikuwa kwenye boneti.

Kipimo ndicho hicho, Marva aliona. Anacho kichwani mwake. Anajumlisha mia tatu kila mara.

"Kumi sabini," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya viazi. "Baridi kabisa. Unatokwa jasho, fundi."

"Hita."

"Hita haijawashwa."

Nyuma yao moshi mweusi ulikuwa umeanza kufunika barabara. Harufu ikaingia, harufu ya chuma kilichosahauliwa jikoni. Marva alikanyaga tena. Kulia ukingo wa chuma ulikatika kwa urefu wa gari moja na trela, na utepe wa polisi wa njano ulikuwa unapigapiga kwenye upepo. Kona ya Ndoo.

"Kumi na moja kamili. Kumi na moja ishirini. Bado tuna mia na thelathini za kuchezea, Verlin. Niweke ya tano?"

"Toa mguu."

"Sijasikia."

"Toa mguu! Toa mguu, mwanamke, iko kumi na nne ishirini! Inayeyuka! Rudisha gia, toa mguu, usisimame, usisimame, tutarudi nyuma!"

Marva alitoa mguu, akapiga gia ya tatu, halafu ya pili. Injini ilikohoa mara moja. Kisha ikashika. Gari likatambaa mbele ya ule utepe wa njano kwa mwendo wa bibi anayetoka kanisani. Mshale ukaanza kushuka: kumi, mia tisa, mia nane.

Kona iliisha.

"Mshale ulisema kumi na moja ishirini," Marva alisema. "Umejuaje kumi na nne ishirini?"

Verlin alivua kofia, akaifunikia uso.

"Lilikuwa la Thayne," alisema ndani ya kofia. "La kwanza kabisa. Sensa ya zamani ilikatikia ndani ya tundu. Kutoboa upya pale, lazima ufungue turbo, vinginevyo vipande vya chuma vinaingia. Kazi ya siku nzima. Nikaziba kwa bolti, nikatoboa bomba la nyuma, nusu saa. Nikasema jioni nitamwambia."

"Hukumwambia."

"Jioni alikuja ananikumbatia! Tisa ishirini, Verlin! Umefanya nini, Verlin! Kesho yake wakaja wawili. Hakuna aliyeniuliza nimeiweka wapi. Hata mmoja. Wote wanauliza inasoma ngapi. Mimi nimechomelea mageti miaka kumi na saba, afande, hakuna aliyewahi kunikumbatia kwa ajili ya geti."

"Na Clell?"

Trela liligonga shimo.

"Clell alikuja. Siku mbili kabla. Akasema, Verlin, naona kama linanuka. Sipendi harufu yake." Kofia ilianza kutikisika. "Nikamwambia amini mshale."

* * *

Mama Oleta alifungua mlango kabla hawajagonga. Alimtazama Verlin, akamtazama Marva, akaenda kuchukua chaki mwenyewe, akamwekea Verlin mkononi. Hakumkaribisha kahawa.

"Weka alama kwenye kila uliloligusa," Marva alisema. "Mama, shika redio. Kila jina, mpe Boyd."

Verlin alianza. Thayne Lindquist, msalaba. Wa pili. Wa tatu. Oleta alisoma majina kwenye redio kwa sauti kavu, na Boyd upande wa pili aliacha kutafuna. Msalaba kwenye jina la Clell ulichukua muda mrefu kuliko mingine. Msalaba kwenye jina la Oleta aliuweka bila kugeuka.

"Wanane hao," Oleta alisema. "Na ambao hawajapanda?"

Verlin alitaja wawili wa upande wa mto. Halafu akatembea mpaka mwisho wa ubao, akainama, akachora msalaba mdogo, mdogo kabisa, kama anayetumaini hautaonekana.

Marva alisoma jina. Akasoma tena.

"Hapana," alisema. "Huyu ni kumi na mbili arobaini. Ona namba. Huyu hajabadilika."

"Hajapanda tangu nimtengenezee. Alikuja Jumanne kwa mlango wa nyuma. Alisema amechoka kuchekwa." Verlin hakunyanyua macho. "Akaniapisha nisikwambie."

Marva alikuwa na simu sikioni tayari. Iliita, ikaita, ikakatika. Nyumbani simu hupokelewa. Simu inayoita hivyo na kukatika ni simu iliyo mlimani, baina ya mawe.

Nje vipande vya theluji vilikuwa vimeanza kushuka. Na chini yake, mbali, ilikuja sauti ambayo watoto wote wa Haskett wanaijua kabla hawajajua kuongea: dizeli iliyobeba, inapanda. Haikuwa gia ya tatu ya mzee mwoga. Ilikuwa ya nne, mguu chini, inaimba.

"Aita," Marva alisema, akatoka mbio.

Kutoka mgahawani hadi Kona ya Ndoo ni nusu maili ya mteremko. Viatu vyake vya kazi viliteleza, hewa ya juu ilikuwa hafifu, kifua kilitaka kupasuka. Hakuweza kupiga kelele. Pumzi yote ilikuwa miguuni. Kisha kitu cheupe kilimpita ubavuni. Verlin, bila koti, kofia mkononi, anakimbia kama aliyeachiwa mbwa. Alimwacha hatua kumi, ishirini, akatokomea kwenye mpindo.

Marva alipofika, aliona taa za gari zikitokea kwenye theluji, na katikati ya barabara, mbele ya ule utepe wa njano, mtu mmoja amesimama na mikono juu, anapepea kofia nyeupe. Hakusogea. Gari lilipiga honi, hakusogea. Taa zikamjaa kifuani. Breki zikalia, trela likayumba, kondoo wakapiga kelele zote kwa pamoja, na bampa likasimama hatua mbili mbele ya magoti yake.

Kioo kilishushwa. Kichwa cha mzee kilitoka, mashavu mekundu kwa furaha.

"Verlin! Unatafuta kifo? Ona, ona hapa! Kumi na moja tu, na nimeweka gia ya nne! Nina mia na hamsini sijazigusa!"

Chini ya gari, katika kiza cha ule mchana wa theluji, bomba karibu na turbo lilikuwa linawaka jekundu kama kaa la jiko, na kila kipande cha theluji kilichoangukia hapo kililia kikapotea.

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye ufunguo.

"Usizime!" Verlin na Marva walipiga kelele kwa pamoja. "Handbreki, Aita, na usizime! Liache lipoe likiunguruma!"

"Lipoe nini?" Ander Etcheverry alimtazama binti yake anavyotweta, akamtazama fundi aliyepiga magoti barabarani, uso umefichwa ndani ya kofia. "Mbona limepanda baridi?"